Kamera ya Ulinzi Yenye Taa: Kabla Hujanunua na Kabla Hujatundika



Maswali ninayopokea hubadilika na msimu. Wakati wa kupanda watu huniuliza mbegu na mbolea. Mahindi yakianza kukauka shambani, wanauliza dawa za ghala. Siku hizi limeongezeka swali jingine ambalo chuoni sikufundishwa: "Bwana shamba, zile kamera za sola zenye taa, ninunue?" Anayeuliza anaweza kuwa mama mwenye duka la pembejeo, mzee mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, au kijana mwenye kitalu cha miche ya parachichi. Wote wameibiwa, au jirani yao ameibiwa, na usingizi umepungua.

Nimesaidia kutundika kamera hizi kwenye nyumba na mabanda kadhaa katika kata ninayofanyia kazi, huku nyanda za juu kusini. Nyingine zinafanya kazi vizuri hadi leo. Nyingine zimegeuka makazi ya buibui. Leo nakueleza tofauti iko wapi, halafu nakueleza jambo moja ambalo wauzaji hawakuambii, na ambalo kwangu ni zito kuliko bei na betri.

ANZA NA MLANGO

Kamera haimzuii mtu kuingia. Taa inamshtua, kamera inamwona, lakini kinachomzuia ni mlango, komeo, kufuli, ukuta na mbwa. Kama mlango wa ghala lako unafunguka kwa kusukumwa na bega, hela ya kwanza iende kwenye mlango. Kama bati la nyuma limefungwa kwa misumari minne tu, ongeza misumari. Kamera ije baadaye.

Kisha chukua kalamu. Andika ulichopoteza kwa wizi miaka miwili iliyopita: kuku wangapi, magunia mangapi, pampu, paneli. Pembeni andika bei ya kamera, kadi ya kumbukumbu, ufundi, na bando la kila mwezi kwa miezi 24. Wengi wanasahau bando, na kwa miaka miwili linaweza kuzidi bei ya kamera yenyewe. Kama upande wa kamera ni mzito kuliko upande wa hasara, nunua taa ya sola yenye kihisi, ile inayowaka mtu akipita, na kufuli nzuri. Kwa kaya nyingi ninazozifahamu hiyo inatosha.

Na kabla ya kumtafuta mwizi, hakikisha ni mwizi kweli. Mzee mmoja aliniambia mayai yanaibiwa na vijana wa kitongoji cha pili. Tulipoweka kamera, usiku wa pili tu tulimwona mwizi: mbwa wake mwenyewe, yule aliyekuwa analinda banda. Mahali pengine huwa ni nguchiro au kicheche. Kwa hao dawa ni wavu wenye matundu madogo na sakafu isiyochimbika.

MWANGA NA BETRI

Kamera hizi zina namna mbili za kuona usiku. Ya kwanza ni mwanga usioonekana kwa macho. Picha inatoka nyeusi na nyeupe. Ya pili ni taa nyeupe inayowaka mtu akipita. Picha inatoka na rangi, na aliyeingia anajua ameonekana. Rangi ni muhimu. Koti jekundu na koti la kijani, kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, yote ni koti la kijivu. Lishike hilo, tutalirudia.

Sasa hapa ndipo watu wanapodanganywa. Sanduku limeandikwa taa inawaka usiku kucha. Tupige hesabu. Betri nyingi za ndani ya kamera hizi ni zile za mviringo, kubwa kidogo kuliko betri ya redio ndogo, zenye volti 3.7. Betri nzuri ya aina hiyo ina mAh 2,600 hivi, yaani karibu wati-saa 9.6. Zikiwa nne unapata kama wati-saa 38. Taa ya wati 10 ikiwaka mfululizo itazimaliza kabla ya saa 4 kupita, na kamera yenyewe hujailisha bado. Ukizima jua saa 12 jioni, saa 4 usiku uko gizani, na mwizi anakuja saa 8.

Lakini taa hiyohiyo ikiwaka kwa kihisi tu, sekunde 30 kila mara, mara 20 kwa usiku, jumla ni dakika 10. Hiyo ni chini ya wati-saa 2. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kwa kamera ya sola, taa iwake mtu akipita, isiwake usiku kucha. Hiyo nayo ni bora kwa ulinzi. Taa inayowaka muda wote mwizi anaizoea. Inayowaka ghafla inamfanya ageuze uso kutazama, na hapo ndipo kamera inampata.

Ukiona betri ya ukubwa ule imeandikwa mAh 9,900, iache dukani. Za kweli huwa kati ya mAh 2,000 na 3,500. Muuzaji anayeandika uongo kwenye betri ataandika uongo na kwenye kamera.

Rangi ya mwanga nayo itazame. Mwanga mweupe wenye ubuluu unavuta wadudu wengi. Wadudu wanavuta mijusi na buibui. Buibui wanafuma utando mbele ya kioo, na kamera inakupigia kelele usiku kucha kwa sababu ya uzi unaotikisika. Ukipata taa yenye mwanga wa manjano, chukua hiyo.

Kwa wafugaji wa kuku nisisitize: taa isielekee ndani ya banda. Kuku wanahitaji saa za giza kupumzika, na taa kali ikiwaka ghafla usiku wanashtuka na kurundikana kwenye kona, wa chini wanakosa hewa. Elekeza taa mlangoni na kwenye njia ya kuingilia.

Na wale mlio karibu na hifadhi mtaniuliza kuhusu fisi na simba. Kule Kitengela, Kenya, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mvulana wa Kimasai aitwaye Richard Turere aliona kuwa simba hawaogopi taa iliyotulia, bali wanaogopa mwanga unaosogea, kama mtu anayezunguka na tochi. Akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma, kwa betri na paneli ya sola. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kulieleza jambo hilo kwenye jukwaa la TED. Kwa hiyo kamera yenye taa moja si kinga ya simba. Boma imara linabaki kuwa msingi. Wafugaji wa Simanjiro wameonyesha hivyo kwa kuta hai, miti ya asili iliyopandwa sambamba na wavu wa waya.

KAMERA INAONA UMBALI GANI?

Swali hili ukimuuliza muuzaji atakujibu mita 30. Ni kweli, itaona kuwa kuna kitu. Lakini kuona kuwa kuna mtu, na kumtambua mtu huyo ni nani, ni mambo mawili.

Picha ya kamera ya kawaida imetengenezwa kwa nukta 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Tuseme kioo chake kinatazama upana wa nyuzi 90. Mtu akisimama mita 5 kutoka kwenye kamera, picha pale inashika upana wa mita 10. Gawanya: kila mita inapata nukta 192. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo unapata nukta kama 29. Akisimama mita 10, uso wake una nukta 14. Hizo nukta 14 ndizo pua, macho, mdomo na masikio, vyote pamoja, usiku, mtu akitembea. Hapo huna uso, una doa.

Kwa hiyo usitundike kamera juu ya paa ikitazama uwanja mzima ukadhani umelinda kila kitu. Chagua sehemu moja ambayo mtu lazima apite: mlango wa ghala, lango la ua, kona ya zizi. Kamera iwe mita 3 au 4 kutoka hapo. Ukitaka kuona uwanja pia, hiyo ni kamera ya pili.

MTANDAO NA LAINI

Kamera ziko za aina tatu. Ya kwanza inarekodi kwenye kadi tu. Bando halihitajiki, unaitazama asubuhi. Ya pili inatumia waifai. Lazima uwe na ruta nyumbani na kamera isiwe mbali nayo. Ya tatu inaingizwa laini ya simu, na hiyo ndiyo inayowafaa wengi wa shambani, mradi mtandao wa 4G ufike pale utakapoitundika. Usipime mtandao ukiwa barabarani. Weka laini ile kwenye simu, nenda mpaka kwenye nguzo yenyewe, inua simu juu kwa fimbo kama huna ngazi, jaribu kutazama video. Ikikwama kwenye simu, itakwama kwenye kamera. Laini za kampuni mbili zinaweza kutofautiana sana nyuma ya kilima kimoja.

Kuhusu bando: video ya kawaida hula karibu GB 0.9 kwa saa. Ukikaa unatazama banda lako moja kwa moja kila jioni kama tamthilia, bando la mwezi litaisha kwa wiki. Iache irekodi kwenye kadi, na wewe upokee picha moja tu pale mtu anapopita. Kadi ya GB 64 ikirekodi mfululizo hujaa ndani ya siku 3. Ikirekodi kwa kihisi, nusu saa kwa siku, unakaa nayo zaidi ya miezi mitatu. Nunua kadi yenye jina, uijaribu palepale dukani.

Laini isajiliwe kwa jina lako, kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usikubali laini ya fundi. Unaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Vivyo hivyo programu ya kamera: wa kwanza kuskani ile alama ya mraba ndiye mwenye kamera. Fundi akiskani kwa simu yake "ili akusaidie", kesho atakuwa anatazama ua wako akiwa kwake. Shika simu yako mwenyewe, skani wewe, badilisha nywila iliyokuja na kamera. Ukinunua iliyotumika, hakikisha mwenye nayo wa kwanza ameifuta kwenye simu yake mbele yako.

KUTUNDIKA

Kabla ya kutoboa ukuta, ifunge kamera kwa kamba kwenye mti au nguzo usiku mmoja. Mwambie mtoto wa nyumbani apite na jaketi, apite na kofia, apite akikimbia. Tazama picha. Utabadilisha mahali mara mbili au tatu, na kila badiliko halina tundu la kuziba.

Urefu mzuri ni mita 2.5 hadi 3. Chini ya hapo mkono unaifikia. Juu ya hapo unapata picha za kofia. Kihisi kinanusa joto la mwili likikatiza mbele yake, kwa hiyo kiweke ili mtu apite kwa ubavu, kutoka kushoto kwenda kulia. Anayekuja moja kwa moja kukielekea anachelewa kuonekana. Na ndugu zangu wa pwani na wa maeneo ya joto mfahamu kuwa hewa ikikaribia joto la mwili wa mtu, kihisi kinapungua nguvu. Huku kwetu kwenye baridi kinafanya kazi vizuri. Adui yetu ni ukungu, maana mwanga wa kamera unaugonga unarudi, picha nzima inakuwa nyeupe. Kamera iliyo karibu na mlango inaathirika kidogo kuliko ile inayotazama mbali.

Usiielekeze mashariki wala magharibi moja kwa moja, jua la asubuhi au la jioni litaipofusha. Ukuta mweupe au bati linalong'aa lisiwe karibu na kioo, mwanga utarudi na kila kitu kingine kitakuwa giza.

Paneli ya sola usiielekeze unakopapenda wewe. Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo pia unasaidia mvua kuosha vumbi. Angalia kivuli cha mgomba na cha mparachichi saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, siyo saa 6 mchana tu. Kamera nyingi zinazokufa huku kwetu zinakufa kati ya Desemba na Machi, mawingu yakiwa mengi. Kama paneli inatenganishwa na kamera kwa waya, kamera ikae chini ya kipenyo cha paa na paneli ikae juani. Zile zilizoungana kitu kimoja zinakulazimisha kuchagua kati ya jua na picha nzuri.

Kwenye sanduku tafuta alama ya IP65 au IP66. Tarakimu ya kwanza, 6, ina maana vumbi haliingii. Ya pili inaeleza kinga ya maji, na 6 ni imara kuliko 5. Hata hivyo acha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye kamera, ili tone la maji lidondoke chini lisifuate waya mpaka ndani. Ziba tundu la ukuta kwa silikoni.

Ukuta wa tofali za kuchoma unashika skrubu ukitumia plagi za ukuta. Tofali mbichi hazishiki. Tumia nguzo, au bolti inayopita ukuta mzima na kipande cha ubao upande wa pili. Kwenye bati usifunge bati, funga mbao iliyo chini yake.

Ukitaka taa za umeme wa gridi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Skrubu ya kamera ya sola ikikosewa, kamera inaanguka. Waya wa taa ya umeme ukikosewa, mtu anakufa.

JIRANI

Kabla hujawasha, simama nyuma ya kamera na ujiulize inaona nini kingine. Vijijini kwetu mabafu mengi yako nje, yamezungushiwa makuti, mabati chakavu au turubai, na mengine hayana paa. Kamera iliyo juu mita 3 inaweza kutazama ndani. Njia ya kwenda chooni usiku nayo mtu anapita amejifunga khanga tu. Isogeze, iinamishe, au kwenye programu uzibe sehemu ile ya picha kama kamera yako inaruhusu. Taa nayo isiingie dirishani kwa jirani. Ugomvi wa taa ni mdogo siku ya kwanza na mkubwa mwezi wa tatu.

Nenda umweleze jirani kabla hajaiona. "Mama, naomba uje uone hii kamera inatazama wapi." Mwonyeshe picha kwenye simu. Mjulishe na balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Wafanyakazi wako waambie pia. Dukani bandika karatasi: hapa pana kamera. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Na zaidi ya sheria, jirani aliyeoneshwa kamera kwa heshima ndiye atakayekupigia simu akiona mtu mgeni langoni kwako. Jirani aliyejiona anachunguzwa atafunga dirisha alale.

KAMERA IKIMPATA MTU

Hapa ndipo penye jambo nililolitaja mwanzo.

Katika kijiji kimoja, mama mmoja anayenunua mahindi na viazi kwa ajili ya kupeleka mjini alitundikiwa kamera juu ya paa, ikitazama uwanja wote. Usiku mmoja yakaondoka magunia manne. Asubuhi akaikuta picha: mtu amebeba gunia, koti lenye kofia, mabuti ya mvua, nyeusi na nyeupe, umbali wa mita kumi na zaidi. Kwa uchungu wake akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kuandika: nani anamjua huyu?

Nilikuwa kitongoji hicho siku ile nikichanja kuku kideri. Picha ilinifikia kwenye simu kabla ya saa 4. Kufikia saa 6 mchana haikuwa tena swali. Mtu alikuwa ameandika jina la kijana wa bodaboda, kwa sababu anavaa koti kama lile. Mwingine akaongeza kuwa usiku ule alisikia pikipiki. Mwingine akasema huyo kijana siku hizi ana simu mpya. Kufikia saa 7 kulikuwa na vijana zaidi ya ishirini nje ya nyumba ya mama yake, na mmoja alikuwa na tairi.

Nilimkuta mtendaji wa kijiji ameshatangulia, amemshika kijana mkono, anamwingiza ofisini. Kijana alishapigwa makofi na ngumi moja iliyompasua mdomo. Alikuwa anarudia sentensi moja tu: "Nilikuwa zahanati." Watu wakacheka. Mtendaji akafunga mlango wa ofisi, akamtuma mtu zahanati. Muuguzi akaja na daftari lake chini ya kwapa. Usiku ule kijana alimpeleka mama mjamzito, akafika saa 7 na dakika 20, na alikaa pale mpaka mtoto alipozaliwa alfajiri kwa sababu familia haikuwa na hela ya safari ya pili. Saa ya kwenye picha ya kamera ilikuwa saa 8 na dakika 5.

Vijana wakaondoka mmojammoja, bila kusema kitu. Mama mwenye magunia alilia, na alikwenda kumwomba radhi mama wa kijana kwa magoti. Magunia hayajapatikana mpaka leo. Kijana bado anaendesha bodaboda, ila mbele ya ghala lile hasimami tena kuchukua abiria.

Mama yule si mtu mbaya. Aliibiwa mtaji aliokopa kwenye kikundi. Lakini fikiria daftari lile lisingekuwepo, au muuguzi angekuwa na uvivu wa kuandika saa. Doa la nukta 14 lingetosha kuua mtu.

Kwa hiyo shika utaratibu huu, uandike ukutani ukipenda.

Usitume picha kwenye kundi lolote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kuhusu kuchapisha taarifa za uongo, na damu ya mtu haifutiki hata kama ujumbe umefutika.

Toa kadi kwenye kamera, weka kadi nyingine. Ile ya kwanza usiifute, usiikate video, usiiongezee maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika mahakamani, lakini mahakama inaangalia imetunzwa vipi na haikuguswa. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, nani aliitoa, na nani alikuwepo.

Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji, kisha polisi, upewe namba ya RB. Kata nyingi sasa zina polisi kata. Namba yake uwe nayo kwenye simu kabla ya tukio. Unapoeleza, sema ulichokiona: "mtu mwenye koti lenye kofia." Usiseme jina kama uso hauonekani.

Na saa ya kamera iwe sahihi. Hilo ni jambo dogo la dakika mbili kwenye programu, na siku ile lilimwokoa kijana sawasawa na daftari la muuguzi.

Kwa ng'ombe ongeza jambo jingine: picha haitathibitisha kuwa dume aliyekamatwa mnadani ni wako. Hereni ndiyo itakayothibitisha. Tuna sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010. Wafugaji ambao hamjasajili mifugo yenu, mwoneni afisa mifugo wa kata.

KUITUNZA

Kila wiki, jioni moja, pita mwenyewe mbele ya kamera. Taa iwake, na picha ije kwenye simu. Isipokuja, tafuta sababu siku hiyohiyo. Kila mwezi futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu, ondoa utando wa buibui, osha paneli asubuhi kabla haijapata joto. Kila baada ya miezi mitatu toa kadi, ijaribu kwenye simu kama inasoma. Kadi ikichoka haikuambii. Unagundua siku uliyoibiwa.

Ukinunua wiki hii, nunua moja tu, itundike kwenye mlango wenye mali nyingi kuliko mingine, ikae mwezi mzima ukijifunza tabia yake. Ikikuridhisha, mavuno yajayo yatakununulia ya pili.

Makala ijayo tutarudi kwenye mahindi yenyewe: namna ya kuyakausha vizuri kabla ya kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi naye ni mwizi, na huyo kamera haimwoni. Mpaka hapo, nakutakia mavuno mema na usingizi wa kutosha.